Hati Nyembamba na Majina Marefu

Fonti ya hati nyembamba ni herufi za kompyuta zilizochorwa zifanane na mwandiko wa mtu aliyeshika kalamu kwa mkono mwepesi. Herufi zake ndogo zimeshikana kama zinavyoshikana daftarini, zimeinama kidogo kuelekea kulia, na mstari unaozichora ni mwembamba kiasi kwamba jicho huona karatasi kwanza, wino baadaye. Kwa watu wa mtaa wa Jabe, na kwa majirani zao wa Bwiza na Buyenzi mjini Bujumbura, fonti ya namna hii haihitaji jina maalumu. Anayekwenda sekretaria, yaani duka la kuchapisha, kutengenezesha kadi ya harusi huomba maandishi ya mkono, basi, naye fundi wa kompyuta huteremsha orodha ya fonti hadi afikie zile zenye mikia. Chaguo hilo la dakika mbili ndilo linaloamua kama shangazi aliyeko Gitega atalisoma jina la bwana harusi au atapiga simu kuuliza ni nani anayeoa.

Miandiko inayoigwa na fonti hizi ni ya namna mbili, na inafaa kuitenga mapema kwa sababu tabia zake hazifanani. Wa kwanza ni mwandiko wa nibu yenye ncha kali. Nibu hiyo ina mpasuko katikati: mwandishi akiivuta chini na kuikandamiza, ncha hutanuka na mstari hunenepa, akiipandisha bila nguvu, ncha hujifunga na mstari hurudi kuwa wembamba wa unywele. Unene na wembamba hupokezana ndani ya herufi moja, na hapo ndipo unapotoka ule mng'aro wa kadi za kifahari. Wa pili ni mwandiko wa kalamu ya kawaida, ile ambayo watu wa Bujumbura huiita biki kutokana na kampuni ya Marcel Bich iliyoanza kuuza kalamu yake ya Cristal mwaka 1950. Biki haijali kukandamizwa. Mstari wake una unene ule ule kutoka mwanzo wa neno hadi mwisho, na fonti inayouiga haina fahari. Ina ukaribu, kama barua fupi iliyoachwa mezani. Watu huzichanganya hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe moja ni ya sherehe na nyingine ni ya nyumbani.

Mwandiko wa nibu kali ulikomaa Ulaya katika karne za 17 na 18. Walimu wa hati wa London waliandika mifano yao kwa kalamu za unyoya, kisha wachongaji wakaihamishia kwenye mabamba ya shaba ili ichapwe na kuuzwa. Chombo cha kuchongea kiliweza kukata mstari mwembamba kuliko ule wa unyoya, na wanafunzi wakajikuta wanaiga kwa kalamu kitu kilichokamilishwa kwa chuma. Kitabu kikubwa cha mifano hiyo, The Universal Penman cha George Bickham, kilitoka kwa sehemu kati ya 1733 na 1741. Wafaransa na Wabelgiji waliuita mwandiko huo anglaise, yaani wa Kiingereza, na kutokana nao ukazaliwa mwandiko wa kuunganisha uliofundishwa katika shule zao. Ubelgiji ilipokabidhiwa Ruanda-Urundi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, elimu iliachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki, na mwandiko huo ukapanda ubaoni mwa madarasa ya Urundi. Mzee aliyesoma wakati Bujumbura ingali ikiitwa Usumbura anajua bila kufikiri kwamba m ina vilima vitatu na kwamba mkono hauinuliwi mpaka neno liishe. Kwake yeye, maandishi ya mkono juu ya kadi si pambo. Ni mwandiko mzuri, ule uliosifiwa na mwalimu.

Kuuhamishia mwandiko wa aina hiyo kwenye herufi za madini za kiwanda cha uchapaji kulikuwa na taabu yake. Herufi ya chapa husimama juu ya kipande cha madini chenye pembe nne zilizonyooka, lakini herufi ya mkono imeinama na mkia wake unaingia kwa jirani. Sehemu iliyotokeza nje ya kipande ilivunjika upesi. Francesco Griffo, aliyemchongea mchapaji Aldus Manutius wa Venice herufi za mlazo zilizotumika mwaka 1501, alizilaza herufi lakini hakuziunganisha. Robert Granjon wa Ufaransa alijaribu mwandiko wa mkono wa nchi yake mwaka 1557. Mwanzoni mwa karne ya 19 Firmin Didot wa Paris alitengeneza vipande vyenye ubavu ulioinama vilivyoingiana kimoja na kingine, ili anglaise ichapwe bila mwanya kati ya herufi. Kazi ya kustaajabisha zaidi katika madini ni Mistral, iliyotolewa mwaka 1953 na kiwanda cha Olive cha Marseille. Roger Excoffon aliitoa kwenye mwandiko wake mwenyewe, akahakikisha kila herufi ndogo inaishia pale inapoanzia inayofuata. Fonti hiyo ingali hai kwenye kompyuta nyingi zenye programu za ofisi za Microsoft. Katikati ya miaka ya 1960, uchapaji kwa njia ya picha ulipoondoa vipande vya madini, Matthew Carter alichora Snell Roundhand, inayofuata hati ya Charles Snell, mwalimu wa London wa miaka ya 1690.

Kompyuta ilirithi tatizo la kuunganisha, na suluhisho lake mtu aliyepitia madrasa huko Buyenzi atalielewa haraka kuliko mwingine yeyote. Katika hati ya Kiarabu herufi haina umbo moja. Ba ya mwanzo wa neno, ya katikati, ya mwisho na ile inayosimama peke yake ni maumbo manne ya herufi moja, na zipo herufi sita, alifu, dali, dhali, ra, zai na wau, ambazo hazimshiki anayezifuata. Mtoto wa chuoni hujifunza hayo kabla hajamaliza juzuu la kwanza. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati hiyo muda mrefu kabla ya shule za Kizungu, kwa hiyo wazo kwamba herufi hubadilika kulingana na jirani yake si geni kwa lugha hii. Fonti za Kilatini zilizoiga mwandiko zilikosa uwezo huo kwa muda mrefu: kila herufi ilikuwa na umbo moja, na umbo hilo lilipaswa kuelewana na herufi zote nyingine. Mfumo wa OpenType, uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, ndio uliofungua mlango. Ndani ya fonti moja mchoraji anaweza kuweka maumbo matatu au manne ya a, na kanuni inayoiambia kompyuta ichague lipi kutokana na herufi iliyotangulia na inayofuata. Caveat ya Pablo Impallari, fonti ya bure inayofanana na mwandiko wa biki, hutumia njia hiyo kubadilisha herufi zinazojirudia ndani ya neno, maana mkono wa mtu hauandiki e mbili zilizo sawasawa kabisa. Hermann Zapf alikuwa amekwenda mbali zaidi mwaka 1998 kwa Zapfino, yenye maumbo mengi ya herufi zile zile na mikia inayopaa juu ya mistari kadhaa.

Neno Jabe lenyewe ni mtihani mzuri wa fonti. J hushuka chini ya mstari kwa kitanzi kirefu, na katika fonti nyingi haimshiki a. Hilo halina ubaya, herufi kubwa ina haki ya kusimama peke yake. Shida iko mwishoni. Katika mwandiko wa kuunganisha, b humaliza safari yake juu, karibu na kimo cha a, ikatoa mkono mdogo. Lakini e inataka kuanzia chini, kwa sababu mstari wake hupanda ndipo ujipinde kuwa kitanzi. Mwandishi wa kweli huufanya mkono wa b uning'inie kidogo kama kamba ya kuanikia nguo, kisha anauingiza ndani ya e kwa upole. Fonti iliyochorwa kwa haraka humtoa b chini kama herufi nyingine zote, na kinachosomeka ni kitu kama 6 iliyokanyagwa. Nyingine huuacha mkono wa b hewani, e ikaanza upya chini, na palipo na kiungo pakabaki pengo dogo ambalo jicho hulihisi hata kama haliwezi kulitaja. Bwiza nayo inampima w, anayetokea juu na kumkabili i. Kirundi kimejaa bw, mw, rw na vy, kwa hiyo fonti isiyojua kutoka juu haifai Bujumbura, hata ikisifiwa vipi kwingine. Maneno mawili ya mtaa, Jabe na Bwiza, yakiandikwa kwenye skrini, humwambia fundi zaidi ya sentensi yoyote ya mfano iliyoletwa na fonti kutoka ng'ambo.

Mtihani mkubwa kuliko huo ni majina ya watu. Kwa desturi ya Burundi jina ni la mtu mwenyewe. Si lazima mtoto alibebe la baba yake, na mume na mke kila mmoja ana lake. Kadi ya harusi, au ubutumire kama inavyoitwa kwa Kirundi, hutaja wazazi wa pande zote mbili na maharusi wenyewe, yaani watu sita wenye majina sita ya Kirundi pamoja na sita ya ubatizo au ya Kiislamu. Kadi nyingi za Ulaya, ambako mwandiko huu ulikomaa, hubeba majina mafupi na ukoo mmoja kwa kila upande. Hapa kadi ni msafara.

Na majina hayo si mafupi. Nshimirimana, jina lililoenea sana linalomaanisha namshukuru Mungu, lina herufi kumi na mbili. Likiandikwa kwa hati nyembamba, kati ya h na a ya kwanza kuna vijiti kumi vinavyofuatana: kimoja cha i, vitatu vya m, kimoja cha i, kimoja cha r, kimoja cha i, na vitatu vya m. Vyote vina kimo kimoja, mwinamo mmoja na nafasi moja. Kinachomsaidia msomaji kuvitenga ni nukta tatu za i na kishungi kidogo cha r. Fonti nyembamba inayoweka nukta mbali na kijiti chake, au inayoifanya r ifanane na i, huligeuza jina la mtu kuwa uzio wa matete. Ndayizeye, kinyume chake, huwa na raha ndani ya hati hii: d inapanda, y mbili zinashuka, z nayo mara nyingi hushuka pamoja nazo, na jina linapata mawimbi. Fundi mwenye jicho hupima fonti kwa jina gumu kuliko yote yaliyomo kwenye kadi, si kwa lile la bibi harusi lililotokea kuwa zuri.

Kuna mazoea mengine ya ofisi yanayogongana moja kwa moja na fonti hizi. Kwenye karatasi za Burundi, kama ilivyo kwa Wafaransa na Wabelgiji, jina kuu huandikwa lote kwa herufi kubwa, na la ubatizo kwa ndogo. Herufi kubwa za hati ya mkono zilichorwa ziwe mwanzo wa neno, kila moja na kitanzi chake, kama kila mmoja amevaa kilemba. Zikipangwa kumi na mbili mfululizo vilemba vinagongana na hakuna anayesoma chochote. NSHIMIRIMANA kwa fonti ya namna hiyo ni kosa, hata kama mteja anasisitiza kwamba ndivyo kitambulisho kinavyosema. Kadi si kitambulisho. Herufi kubwa moja mwanzoni inatosha na heshima ya mtu haipungui.

Majina ya ubatizo yana madai yake pia. Félicité, Désiré, Joséphine: é ni herufi ya kila siku Bujumbura. Fonti nyingi za bure zilichorwa na watu wasiohitaji alama hizo, na pale zinapokosekana kompyuta huazima é kutoka fonti nyingine. Matokeo yake ni kiraka kinene katikati ya kitambaa cha hariri. Kirundi nacho kinahitaji kialama cha juu cha mkato, kama katika ubutumire bw'ubukwe, na fonti nzuri hukiweka karibu bila kukata mwendo wa neno. Haya hukaguliwa kabla ya kuchagua, si baada ya kadi mia tatu kuchapwa.

Wembamba nao una hesabu yake. Fonti za hati zina herufi ndogo zilizo fupi mno kulinganisha na mikia na vichwa vyake, kwa hiyo saizi 24 ya fonti hizi huonekana kama saizi 14 au 15 ya Times New Roman. Ikiwa mstari wake ni sehemu mbili kwa mia ya saizi hiyo, unene wake karatasini ni milimita 0.17. Kwa saizi 12 unabaki milimita 0.085. Mashine ya leza ya nukta 600 kwa inchi huweka nukta za milimita 0.04, hivyo mstari huo unasimama juu ya nukta mbili tu. Kadi hiyo ikipitishwa kwenye fotokopi, nukta moja ikipotea, mstari umekatika. Wino wa dhahabu juu ya karatasi ya rangi ya maziwa, ambao maharusi wengi huupenda, huondoa tofauti kidogo iliyokuwa imebaki. Maandishi meupe juu ya rangi nzito yana hatari nyingine: wino wa pembeni husambaa kidogo na kuumeza mstari mweupe. Siku hizi kadi nyingi husafiri kwa WhatsApp kama picha, nayo hupunguzwa uzito njiani, na cha kwanza kufifia ni mistari ya unywele. Kwa simu, fonti ya mtindo wa biki yenye unene kidogo huishi. Ile ya nibu kali hubakiza vipande vinene tu vya herufi, vimesimama kama nguzo za nyumba isiyo na paa.

Kwa hiyo kazi za fonti hii ni chache na zinajulikana. Kwanza ni majina ya maharusi. Pili ni kadi za msiba, pale familia inapoalika ndugu kwenye guca ku mazi, yaani kupunguza matanga, na baadaye kwenye kuganduka, kuyamaliza kabisa. Hapo sauti ya chini ya mstari mwembamba inafaa kuliko herufi nene zinazopiga kelele. Tatu ni jina juu ya cheti, kibao cha saluni, chupa ya manukato, ukurasa wa kwanza wa kitabu cha picha. Ndani ya pete au kwenye bamba la shaba hati hii inarudi nyumbani kwao, kwa maana chombo cha kuchongea ndicho kilichoikamilisha. Kwenye kitambaa mambo hubadilika. Uzi wa kutarizi una unene wa karibu milimita 0.4, na fonti nyembamba kuliko hapo haitarizwi ila kwa kunenepeshwa. Stika inayokatwa kwa mashine kwa ajili ya kioo cha basi ni vivyo hivyo: fundi anapochambua plastiki ya ziada, mkia mwembamba hung'oka pamoja nayo.

Pasipofaa ni pengi zaidi. Kadi ya harusi Bujumbura hubeba ratiba ya gusaba na gukwa, yaani posa na mahari, ndoa ya serikali, ndoa ya kanisani au msikitini, karamu, na kila kimoja kina mahali na saa yake. Mgeni haisomi ratiba hiyo kwa starehe. Anaitafuta akiwa ndani ya teksi. Saa, barabara na namba ya simu ziandikwe kwa fonti iliyosimama wima, ya kawaida, isiyo na mikia, kwa sababu 1 na 7 za hati ya mkono hufanana sana. Vivyo hivyo kwa tangazo la ukutani na maelezo ya dawa. Sentensi nzima ya hati hii huchosha, na aya nzima haisomwi. Pia haifai kutanua nafasi kati ya herufi ili mstari ujae: viungo vinaachana na neno linakuwa mkufu uliokatika. Nafasi itolewe juu na chini ya mstari, kwa wingi, ili vitanzi vya y visimpige d wa mstari wa chini.

Upo na upande wa haki. Fonti nyingi zinazopakuliwa bure ni za matumizi binafsi tu, na sekretaria inayouza kadi inafanya biashara. Njia salama ni fonti zenye leseni huria ya SIL, iliyotolewa mwaka 2005, inayoruhusu kuchapa na kuuza kazi bila malipo. Google Fonts, iliyofunguliwa mwaka 2010, ina fonti nyingi za leseni hiyo, zikiwemo Caveat, Dancing Script na Great Vibes ya Robert Leuschke. Ya mwisho ni ya nibu, mbili za kwanza ni nyepesi zaidi kwa skrini.

Baada ya kadi kuchapwa hubaki mstari mmoja mtupu, ule wa jina la mwalikwa. Huo hujazwa kwa mkono. Mjumbe wa kamati ya harusi mwenye mwandiko mzuri hukaa jioni na rundo la kadi na orodha, akiandika jina moja baada ya jingine kwa biki, na hapo fonti hukutana na kile inachokiiga. Biki ya kawaida huacha mstari wa milimita 0.3 hadi 0.4. Fonti ya mtindo wa biki ikichapwa kwa saizi inayotoa unene huo huo, majina ya maharusi na jina la mgeni huonekana yameandikwa siku moja, na mkono mmoja.